Kumi za Majaribio

Swali limekuja tena Jumapili usiku, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika mbili na nusu. Mwulizaji ni kijana wa Mbezi anayetaka kununua USDT kwa mtu aliyempata kwenye kundi la Telegram. Bei wameshakubaliana, siku wameshapanga, mgahawa wameshauchagua. Amebakiza jambo moja tu la kuhakikishiwa: "Kaka, akinitumia kumi za majaribio kwanza zikaingia, si ndiyo nipo salama?"

Hapana. Nimelijibu swali hili kwa simu, kwa meseji, msibani, na mara moja nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni, na jibu halijabadilika. Safari hii naliandika, ili nikiulizwa tena nitume makala na kuendelea na chakula changu.

Sitaeleza USDT ni nini wala blokucheni inafanyaje kazi. Mtu aliyefika hatua ya kukutana na asiyemjua akiwa na mamilioni kwenye bahasha hayo anayajua, na kama hayajui, arudi nyumbani na bahasha yake. Nataka tushughulike na hizi kumi tu. Zimewaliza watu wengi kuliko bunduki.

Kutuma kidogo kwanza kuna kazi yake halali. Unapohamisha sarafu kutoka waleti yako kwenda waleti yako nyingine, au kwenda kwenye soko unalolitumia siku zote, unatangulizia kiasi kidogo ili ujue hujakosea anwani wala mtandao. Fundi bomba hufungua maji kidogo kabla ya kufungulia koki yote. Anapima bomba. Hapimi tabia ya mwenye nyumba. Sisi tukalichukua jaribio la bomba tukalifanya kipimo cha mtu, na matapeli wakashukuru sana, maana kwao kumi ni gharama ya kazi kama nauli na soda. Anayewinda milioni 15 hashindwi kutoa elfu 25. Tena atakuomba yeye mwenyewe akutumie, kwa sauti ya upole, ili uone jinsi alivyo muungwana.

Mfanyabiashara mmoja wa vitenge wa Kariakoo alinijia na mkasa huu. Alihitaji USDT 6,000 za kumlipa msambazaji wake Guangzhou. Walikutana mgahawani saa tano asubuhi, watu wamejaa, mlinzi mlangoni. Mezani kulikuwa na soda mbili, simu mbili, na mfuko wa kaki wenye mabunda 15 ya noti za elfu kumi kumi. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, anasema "shikamoo" vizuri.

"Mzee, nakutumia kumi kwanza uone mwenyewe."

Simu ikalia. Kumi zimeingia, na zilikuwa halali kabisa.

"Sasa nakutumia zote. Zikichelewa kuonekana, bandika namba hii hapa, halafu bonyeza ongeza tokeni."

Akabandika. Mstari mpya ukatokea: USDT 6,000, na ile nembo ya kijani yenye herufi T. Mabunda yakahesabiwa upande wa pili, wakapeana mikono. Jumatatu mzee akamtumia msambazaji 500 za kuanzia. Zikatoka kwenye simu yake bila shida. Kutoka Guangzhou likarudi jibu kwamba hakuna kitu kilichoingia.

Nilipoishika ile simu niliona mistari miwili yenye jina moja. Chini ya mstari wa kumi waleti ilikuwa imeandika thamani yake kwa dola. Chini ya mstari wa maelfu haikuandika thamani yoyote, kistari tu. Waleti yenyewe ilikuwa inasema kwamba vitu hivi havina bei popote duniani, ila hakuna aliyeisikiliza.

Kwenye mtandao wa Tron mtu yeyote anaweza kuunda tokeni mchana huu kabla hajala, akaiita USDT na kuibandika nembo ya kijani. Mtandao haumzuii, kwa sababu mtandao hausomi majina, unasoma anwani ya mkataba. Akina Juma Hamisi wako wangapi mjini? Benki inawatofautisha kwa namba ya NIDA. USDT ya kweli kwenye Tron ina mkataba mmoja tu, unaoanza na TR7NHq na kuishia na jLj6t. Ile namba ambayo mzee aliambiwa aibandike haikuwa hiyo. Na hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kumwambia abandike: waleti nyingi siku hizi huzificha tokeni zisizojulikana, kwa hiyo tapeli anahitaji mkono wako umsaidie kuzifichua.

Kumi zilizotangulia zilipima nini basi? Zilipima kwamba anwani ya mzee ni sahihi na kwamba muuzaji ana kumi za kweli. Hazikusema lolote kuhusu muamala wa pili, ambao ulikuwa wa kitu kingine kabisa. Ukionja kijiko cha asali kutoka kwenye chupa moja, hujaonja chupa iliyoko chini ya meza.

Hapa huwa kuna mtu ananikatiza: "Hizo si ndizo flashi USDT? Nasikia ni za kweli, ila zinayeyuka baada ya siku kadhaa." Hazipo. Hakuna programu inayotengeneza USDT halisi zenye tarehe ya kufa. Kinachoitwa flashi ni tokeni za bandia kama hizi, au ni programu hewa anayouziwa mtu mwenye tamaa ya kuwatapeli wenzake. Huyo wa pili simwonei huruma.

Usidhani umepona kwa kuwa sasa unajua kuangalia mkataba. Waleti iliyo kwenye simu yako haina sarafu ndani yake. Ni dirisha. Ukiifungua inaiuliza kompyuta iliyoko mbali, inayoitwa nodi, huyu bwana ana kiasi gani, halafu inakuandikia jibu ililopewa. Waleti kadhaa zinakuruhusu kubadilisha nodi ya kuuliza. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa blokucheni ya SlowMist ilieleza utapeli unaofanyika kwenye biashara za ana kwa ana kwa njia hiyo. Tapeli anakushauri upakue waleti halisi. Anakutumia USDT moja ya kweli na ETH kidogo ya ada ili uamini. Kisha, kwa ukarimu mkubwa, anakusaidia kuweka mipangilio, na hapo anaielekeza waleti yako kwenye nodi yake. Kuanzia dakika hiyo simu inakuonyesha salio lolote analolitaka yeye. Jina ni sahihi, mkataba ni sahihi, hata thamani kwa dola inasomeka. Salio peke yake ndilo la uongo, na utalijua siku utakapotaka kulitumia.

Itazame tena ile USDT moja. Iliwekwa pale kama dagaa kwenye ndoana, na samaki ndiye aliyeomba dagaa.

Kwa bitcoin hadithi ni fupi zaidi. Bloku inapatikana kwa wastani wa dakika 10. Muamala ambao haujaingia kwenye bloku hata moja ni ahadi tu. Aliyeutuma anaweza kuubadilisha kwa mwingine wenye ada kubwa zaidi unaorudisha sarafu kwake. Kwa hiyo majaribio yanatumwa kwa ada nzuri, yanathibitishwa, mnapiga soga. Mzigo mkubwa unatumwa kwa ada ya chini, unaonekana "unakuja", na mgeni wako anakumbuka kwamba ana kikao mjini.

Geuza meza sasa. Wewe ndiye mwenye sarafu, mwenzako ndiye mwenye bahasha, na anakuomba wewe umtumie kumi za majaribio. Wengi wanaona hapa hakuna hatari. Kumi si kitu. Kwanza, anaweza kukupa msimbo wa QR uuskani. Unaamini unatuma kumi, kumbe ukurasa uliofunguka unakuomba saini ya ruhusa, na ruhusa hiyo inampa haki ya kuzitoa USDT zako zote wakati wowote, bila wewe kubonyeza tena. Soma kilichoandikwa kabla ya kuthibitisha. Kama hapajaandikwa kutuma, pana neno la kuidhinisha au kuruhusu, funga simu na uondoke.

La pili hakuna hata anayelifikiria, na ndilo linalonitisha zaidi. Ukimtumia kumi, umempa anwani yako. Anainakili, anaiweka Tronscan, ambayo ni tovuti iliyo wazi kwa kila mtu, na kabla hujamaliza soda yako ameshajua una kiasi gani, uliingiza lini na unatoa kila baada ya muda gani. Umekuja kuuza 2,000. Anaona 41,000. Mlikuwa mnunuzi na muuzaji. Sasa umekuwa habari, na habari husafiri. Hakuna mtu mwenye akili anayemwonyesha mgeni taarifa ya benki ya miaka mitatu ili kuuza baiskeli.

Jameson Lopp, mhandisi Mmarekani, anatunza orodha ya wazi ya mashambulizi ya kimwili dhidi ya wenye sarafu hizi. Inaanzia 2014, na matukio ya watu waliovamiwa walipokwenda kukutana na mnunuzi au muuzaji yanajirudia humo mpaka yanachosha kusoma. Januari 2025 David Balland, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Ledger, inayotengeneza vifaa vya kuhifadhia sarafu hizi, alitekwa nyumbani kwake Ufaransa na kukatwa kidole kabla polisi hawajamwokoa. Huyo hakuwa amekwenda kukutana na mtu mgahawani. Ilitosha kujulikana kuwa anazo. Maneno 12 ya siri ya waleti hayasaidii kitu mbele ya mtu mwenye kisu anayekuuliza maneno hayo.

Na hata pale jaribio linapofanya kazi yake halali ya kupima bomba, linaweza kukugeuka. Mei 2024 mtu mmoja kwenye mtandao wa Ethereum alituma kiasi kidogo cha majaribio kwenda anwani sahihi. Wezi wanaoangalia miamala kwa programu wakaunda haraka anwani inayofanana na ile mwanzoni na mwishoni, wakaipenyeza kwenye historia yake ya miamala. Alipokuja kutuma mzigo wenyewe, akanakili kutoka kwenye historia. Zikaenda bitcoin 1,155 zilizofungashwa kwenye Ethereum, thamani yake takriban dola milioni 68. Alibahatika: baada ya mazungumzo mwizi alirudisha sehemu kubwa. Wewe na mimi hatuna milioni 68 za kumfanya mwizi aogope dunia nzima kumtafuta, kwa hiyo zetu hazirudi.

Watu hunijibu kwamba ndiyo maana wanakutana ana kwa ana: sura nimeiona, kitambulisho nimekipiga picha. Mzee wa vitenge naye anayo picha ya kitambulisho. Mwenye kitambulisho kile alishakitangaza kuwa kimepotea. LocalBitcoins ya Finland, soko lililozaliwa 2012 na kujenga jina lake kwa kuwakutanisha watu mtaani na pesa taslimu, iliufuta utaratibu huo 2019, na yenyewe ikafungwa 2023. Biashara hii ina mwalimu wake mkubwa, na mwalimu alishaacha kuifundisha.

Haya, ufanye nini. Nitakwenda mbio kwa sababu haya hayana utata.

La kwanza ni kutokutana kabisa: tumia soko lenye eskro linaloshikilia sarafu mpaka pesa ithibitike, na usikubali mtu akutoe nje ya soko kwa ahadi ya bei nzuri. Ukilazimika kukutana, nenda ukumbi wa benki, mchana, siku ya kazi, pesa zihesabiwe na karani kwa mashine na ziingie kwenye akaunti wewe ukiona. Mgahawa wenye watu wengi unakukinga na ngumi, haukukingi na tokeni bandia. Nenda na mtu, na mwingine aliyebaki nyumbani ajue uko wapi. Mahali pakibadilishwa dakika za mwisho, biashara imekufa. Beba waleti ya kazi hiyo tu, yenye kiasi cha siku hiyo tu, ambayo haijawahi kupokea kitu kutoka waleti yako kubwa. Ijaze kupitia soko. Simu yako haishikwi na mtu mwingine, hata "kukusaidia". Hubandiki namba uliyopewa, huskani msimbo uliopewa, hupakui programu uliyopewa, hujiungi na waifai uliyopewa. Waleti iliyojaa tayari inayouzwa pamoja na maneno yake 12 usiiguse, aliyekuuzia ameyanakili.

Kama unapokea USDT, acha kuangalia waleti. Mpigie uliyemwacha nyumbani, aingize anwani yako Tronscan kwa simu yake, akusomee mkataba: TR7NHq mwanzoni, jLj6t mwishoni, na muamala uwe umethibitishwa. Kwenye Tron hilo huchukua kama dakika moja, bloku 19 za sekunde tatu tatu. Asiyeweza kukusubiri dakika moja amekwishajieleza. Au toa anwani ya kupokelea ya akaunti yako ya soko, kwa sababu soko halikuhesabii tokeni bandia hata iwe na nembo nzuri kiasi gani. Kwa bitcoin subiri walau bloku moja kwa kiasi kidogo na sita kwa kikubwa, leteni magazeti. Gaweni mzigo: elfu moja, inathibitika, pesa yake inahesabiwa, elfu nyingine. Huu mgawanyo ndio watu walipaswa kuutaka walipodai majaribio, kwa sababu kila fungu linakaguliwa kama la kwanza na hasara haizidi fungu moja.

Kama unalipwa kwa simu, meseji si pesa. Piga mwenyewe *150*00# au menyu ya mtandao wako, angalia salio kwa macho yako. Jina la aliyetuma liwe la mtu aliyekaa mbele yako. Likiwa la "shemeji" au "mfanyakazi wangu", rudisha kwa namba ileile iliyotuma na funga biashara. Mara nyingi shemeji huyo ni mtu aliyeibiwa asubuhi, na polisi watamtafuta aliyepokea, ambaye ni wewe.

Na ukiibiwa, utakapofika kituo cha polisi utakuta jambo jingine. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kuwa fedha halali hapa nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Yaani kwa mkono mmoja hazipo na kwa mwingine zinatozwa. Afisa wa zamu naye anaishi katikati ya mikono hiyo miwili, kwa hiyo usiende na hadithi. Nenda na namba ya muamala, anwani zote mbili, saa, mahali, namba ya simu na mazungumzo yote bila kuyafuta. Na wale watakaokufuata mtandaoni wakisema wanaweza kukurudishia sarafu kwa ada ndogo ya kuanzia ni ndugu wa aliyekuibia, kama siyo yeye mwenyewe.

Kijana wa Mbezi, ujumbe wako nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu uliyosema muuzaji "anaonekana mtu wa dini". Ahirisha. Akikupigia kukulaumu kwamba humwamini, mwambie ndivyo.

Mzee wa vitenge amenunua simu nyingine, lakini ya zamani bado anayo. Mstari wa chini unasomeka USDT 5,500. Mstari wa juu unasomeka 10, na hizo ni za kweli kabisa.